Nusu Mbele au Mali Kauli? Mbunifu wa Picha na Mteja Wake, Masasi na Newala

Ukiuliza bei ya posta moja ya harusi katika stesheneri tatu za Masasi mjini, unaweza kutoka na bei tatu zisizofahamiana. Ukipanda Newala ukauliza tena, utapata ya nne. Wateja wanalalamika kwamba watu wa grafiksi hupanga bei kwa kuangalia viatu vya aliyeingia mlangoni. Wabunifu nao wanalalamika kwamba mteja huchukua kazi leo, huahidi kulipa kesho, na kesho hiyo huja kuitwa msimu wa korosho. Katikati ya lawama hizo kuna maswali ambayo watu huyajibu kila mmoja kivyake. Nani atangulize, mwenye pesa au mwenye kazi? Mteja ana haki ya kubadilisha mara ngapi? Faili likishalipiwa ni la nani? Na kama simu sasa inachora picha kwa kuandikiwa maneno machache, kuna haja gani ya kumlipa mtu?

Uchambuzi huu unamwangalia mbunifu wa kujitegemea, yule asiye na mwajiri, anayepokea picha za wateja akazikata, akazisafisha, akaziunganisha na kuzigeuza kadi, posta, bango, tisheti au picha ya ukutani. Ugomvi mwingi unaoitwa wa bei, ukiuchunguza, unatokana na pande mbili kutokubaliana mapema ni kitu gani kinauzwa. Na namna ya kuumaliza haihitaji kuagizwa kutoka mbali, kwa sababu wakulima wa kusini wameizoea kwa miaka.

## Soko linalofuata korosho

Masasi imekaa chini, katikati ya milima ya mawe, kwenye njia panda ya barabara za Lindi na Mtwara, Tunduru, Nachingwea na Newala. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Pote pawili uchumi unasimama juu ya korosho, ambazo wakulima wa Masasi huziuza kupitia vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha MAMCU na wa Newala kupitia vile vya TANECU. Minada hufunguliwa Oktoba na pesa huendelea kuingia mifukoni hadi karibu na mwaka mpya. Bei ikiwa nzuri, kama ilivyopita shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024, harusi huongezeka, nyumba huezekwa, maduka hupakwa rangi upya na mabango hubadilishwa.

Mbunifu wa picha anaishi ndani ya kalenda hiyo. Mahafali ya kidato cha nne hutangulia kidogo, jando na unyago huangukia zaidi kwenye likizo za Juni na Desemba, na uchaguzi nao umekuwa ukiangukia papo hapo: wa serikali za mitaa ulifanyika Novemba 27, 2024, na uchaguzi mkuu Oktoba 29, 2025. Matokeo yake ni kwamba kazi hurundikana miezi michache, kisha masika huja na ukame wa wateja. Mbunifu anayetaja bei ya juu Novemba na ya chini Aprili huonekana tapeli, kumbe Novemba ana foleni ya watu na usiku mmoja tu wa kufanya kazi, wakati Aprili ana usiku mwingi na hana mtu.

Sababu ya pili ya bei kutofautiana ni umbali. Kadi ndogo huchapwa hapo hapo mjini, lakini kazi ikihitaji kupelekwa Mtwara au Dar es Salaam kuchapwa, kosa la herufi moja kwenye jina la bibi harusi hugharimu nauli, siku na uso wa mbunifu. Mradi wa lami wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unapunguza siku za kusubiri. Hauwezi kumpunguzia mtu hasara ya kuchapa mara mbili.

Sababu ya tatu ni kwamba mlango wa kazi hii uko wazi. Kijana mwenye simu na programu ya PixelLab au Canva anaweza kuanza leo. Mwenzake anayetumia Photoshop anahitaji kompyuta, umeme wa uhakika na ada ya kila mwezi inayolipwa kwa dola, ndiyo maana nakala za wizi zimejaa. Wote wawili wanaitwa watu wa grafiksi. Mteja hana namna ya kutofautisha ujuzi wao isipokuwa kwa bei, na bei ndiyo asiyoiamini.

## Kitu gani hasa kinauzwa?

Chukua kazi moja ya kawaida. Familia inataka picha kubwa ya marehemu babu kwa ajili ya arobaini. Picha pekee iliyopo ni ile ya kwenye kitambulisho, nayo imepigwa kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu hiyo huibana picha hadi takriban pikseli 1,600 upande mrefu. Uchapaji mzuri unahitaji nukta 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha hiyo inatosha karatasi yenye urefu wa sentimita 13 na nusu. Familia inataka A3, yenye urefu wa sentimita 42, ambayo kwa ubora huo ingehitaji pikseli 4,961. Ikitandazwa hivyo ilivyo, zitabaki nukta 97 tu kwa inchi, na uso wa babu utatoka kama umetazamwa kupitia chandarua. Hapo bado mistari ya usalama ya kitambulisho haijafutwa kwenye paji la uso, bega lililokatwa halijarudishwa, na mjukuu hajasema kwamba babu avalishwe kanzu badala ya shati.

Mteja anaona karatasi moja. Mbunifu ameuza vitu vitatu ndani yake. Cha kwanza ni saa za kazi, ambazo haziwezi kurudishwa hata mteja akiikataa picha. Cha pili ni faili, ambalo likishatumwa kwa simu linaweza kunakiliwa bila kikomo. Cha tatu ni ruhusa, yaani mteja anaruhusiwa kuitumia kazi hiyo wapi na kwa muda gani. Picha ya babu itakaa sebuleni na habari imekwisha. Picha ileile ya ustadi ikiwekwa kwenye pakiti za bidhaa ya duka, inaendelea kumzalishia mteja pesa mwaka baada ya mwaka.

Vitu hivi visipotajwa kimoja kimoja, kila upande hujaza pengo kwa namna inayoupendeza. Mfano mwepesi kuuona ni wa mabadiliko. Tuseme kadi na posta ya harusi vimekubaliwa kwa shilingi 40,000 na mbunifu amekadiria saa tatu. Kila saa ina thamani ya zaidi kidogo ya shilingi 13,000. Kamati ya harusi ikirudi mara tano, leo rangi, kesho jina la mgeni rasmi, keshokutwa ukumbi, saa zikafika saba, thamani inashuka hadi kama 5,700. Bei haikubadilika mdomoni, ila imekatwa zaidi ya nusu. Hapo ndipo busara inataka kutenganisha kusahihisha kosa na kubadili nia. Mbunifu aliyeandika "Jumamosi" badala ya "Jumapili" anasahihisha bure. Kamati iliyohamisha ukumbi inalipia.

Jambo jingine linalozua ugomvi bila ubaya wa mtu ni rangi. Kioo cha simu huunda rangi kwa mwanga, mashine ya kuchapa huziunda kwa wino, na bluu kali inayong'aa kwenye simu mara nyingi hutoka imefifia kwenye karatasi. Mteja ambaye hakuambiwa hilo mapema anaamini amebadilishiwa kazi.

## Msimamo wa kwanza: nilipe nikiridhika

Wateja wengi wanashikilia kwamba malipo yafuate kazi. Hoja yao ina uzito. Hawawezi kuionja kazi kabla haijafanywa, hawana kipimo cha ubora, na wamewahi kusikia kisa cha fulani aliyetoa pesa akakuta namba ya simu haipatikani. Kwa mbunifu mpya asiye na jina, kukubali utaratibu huu ndiyo njia ya haraka ya kupata kazi za mwanzo za kuonyesha.

Udhaifu wake ni kwamba hatari yote inaangukia upande mmoja. Fundi wa samani akikataliwa kabati, kabati linabaki na atampata mnunuzi mwingine. Kadi ya harusi ya watu wawili waliotajwa majina haina mnunuzi mwingine duniani. Pia neno "kuridhika" halina mpaka, hasa kazi inapokuwa ya kamati yenye wajomba watatu, kila mmoja na jicho lake. Na wapo wanaoridhika kimyakimya: huomba waone mfano, huupiga picha kwa simu nyingine, kisha hutoweka. Ndiyo maana wabunifu wazoefu hutuma mfano wenye ubora mdogo uliopigwa chapa ya maandishi katikati, na hulitoa faili safi baada ya malipo.

## Msimamo wa pili: pesa mbele

Upande wa wabunifu, wengi wanadai nusu kabla ya kuanza na nusu kabla ya kukabidhi. Faida yake haiishii kwenye kujikinga na hasara. Malipo ya awali humchuja mteja, kwa kuwa aliyetoa kishika kazi huwa ameshazungumza na wenzake, anajua tarehe na hapendi kupoteza muda. Tena pesa hiyo hununua karatasi, bando na umeme bila mbunifu kukopa.

Kasoro yake inaonekana katika mfuko wa mteja. Mwezi wa Machi, mkulima anayetaka picha ya marehemu hana nusu wala robo. Sharti likiwa gumu, anakwenda kwa kijana wa simu, au anaacha kabisa. Pia sharti la nusu mbele linahitaji mbunifu awe na mahali panapojulikana. Kumpa pesa mtu mwenye kibanda karibu na stendi ni tofauti na kumpa mtu unayemjua kwa picha yake ya WhatsApp peke yake. Anayedai kuaminiwa kwa pesa za wengine bila kutoa risiti, tarehe ya kukabidhi na sharti la kurudisha pesa akishindwa, anadai zaidi ya anachokitoa.

## Msimamo wa tatu: subiri korosho

Msimamo wa tatu ni mali kauli: chukua kazi sasa, tutalipana msimu. Wenyeji wa kusini hawauoni kuwa ulaghai, kwa sababu maduka ya vyakula na ya pembejeo yameendeshwa hivyo kwa muda mrefu. Unamweka mteja karibu, unaleta kazi katika miezi mikavu, na kwa watu wanaofahamiana una nguvu ya aibu nyuma yake.

Lakini una gharama ambayo wabunifu wachache huipigia hesabu. Tuseme kati ya wateja kumi wa mkopo, wawili hawatalipa kamwe. Ili mapato yasipungue, kazi ya shilingi 20,000 lazima iuzwe 25,000, kwa hiyo wale wanane waaminifu ndio wanaowalipia wawili. Asiyepandisha bei anajilipia mwenyewe. Zaidi ya hapo, msimu wenyewe hauaminiki. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuingiza jeshi katika kuzisomba. Malipo yakategemea uhakiki, na wakulima wengi wakasubiri hadi mwaka uliofuata. Deni lolote lililofungwa kwa ahadi ya msimu ule lilisubiri pamoja nao. Kukopa harusi na kulipa matanga ni msemo wa zamani, na mbunifu aliyekopesha kadi ya harusi ndiye anayekaa upande wa matanga.

## Taasisi, halmashauri na wagombea

Wateja wasio watu binafsi wana mantiki yao. Shule, zahanati, asasi au kampuni hailipi papo hapo. Hutaka ankara, hupitisha kwa mhasibu, na inapolipa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Mbunifu aliyekubaliana shilingi 200,000 anapokea 190,000 na kudhani ameibiwa, wakati alipaswa kudai hati ya makato ili ihesabiwe kwenye kodi yake ya mwaka. Asiye na namba ya mlipakodi hawezi hata kuingia kwenye mlango huo.

Kwa kazi za umma mlango ni mwembamba zaidi, kwa kuwa ununuzi wa Serikali umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Sheria ya ununuzi inatenga sehemu ya zabuni kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, na mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyorejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa imelenga vikundi vilevile. Fursa hizo zinawafaa waliojiunga na kusajiliwa kama kikundi. Mbunifu mmoja mmoja mwenye kompyuta yake na deni la bando atazisikia redioni. Kujiunga kunamfungulia mlango, lakini kunamtaka agawane mapato, jina na uamuzi, na vikundi vingi huvunjika hapo.

Wagombea ni kundi la peke yake. Wanataka kazi usiku, wanataka nyingi, na ari yao ya kulipa hushuka ghafla matokeo yakitangazwa, wawe wameshinda au wameshindwa. Mkopo hapa hauna utetezi wowote.

## Faili ni la nani?

Swali hili huchemsha watu zaidi ya bei. Mteja anasema: nimelipa, nipe faili lenye tabaka zake zote ili mwakani nibadilishe tarehe mwenyewe. Mbunifu anasema: umenunua chakula, hukununua jiko.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya sanaa tangu inapoundwa. Kuisajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husaidia ushahidi, ila ulinzi hautokani na usajili. Sheria hiyo inatenganisha pia haki za kiuchumi, ambazo zinaweza kuuzwa au kukodishwa, na haki za kimaadili, kama ile ya mbunifu kutambuliwa kwa kazi yake. Kwa hiyo kulipia posta hakumpi mteja kila kitu moja kwa moja, na kwa upande mwingine mbunifu hawezi kujificha nyuma ya sheria endapo aliahidi kwa mdomo kwamba "kila kitu ni chako".

Msimamo wa mteja una mantiki kwa nembo ya biashara. Duka linaloikuza nembo kwa miaka haliwezi kutegemea simu ya kijana ambaye huenda kesho kahamia Dar es Salaam. Kwa nembo, busara ni kuuza faili lote kwa bei iliyo wazi na ya juu zaidi. Kwa kadi ya harusi, msimamo wa mbunifu una nguvu, kwa sababu tabaka zile ni kielelezo anachokitumia kwa kazi nyingine na mteja hana matumizi nazo baada ya siku ile. Ila mbunifu naye ajiangalie: mandhari, maua na fonti nyingi amezichukua mtandaoni bila leseni. Hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo.

Hapa pia kuna hoja ya "nifanyie bure, utapata jina". Haipaswi kupuuzwa yote. George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934 na kufariki 2005, alijulikana hadi kwenye maonyesho ya Ulaya kwa sababu kazi zake zilitembea zikiwa na jina lake. Jina lina thamani pale linapobaki kwenye kazi. Mteja anayetaka punguzo kwa hoja hii akubali jina na namba ya mbunifu zikae kona ya chini ya posta. Anayetaka bure na pia anataka kona iwe tupu, hana anachokitoa.

## Sura iliyomo ndani ya picha

Mkanganyiko mwingine haujapewa nafasi ya kutosha: mbunifu anaweza kuwa na haki ya kazi lakini asiwe na haki ya kuonyesha sura iliyomo. Wengi hujitangaza kwa kuweka kazi za wateja kwenye Instagram au stetasi. Bila kuonyesha kazi hakuna mteja mpya. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake binafsi, na taarifa zinazohusu watoto inaziweka kwenye kundi nyeti.

Kwa Masasi na Newala hili ni jambo la kila likizo. Siku ya kutoka kwa mwali kuna sherehe ya hadhara, tisheti za sare na posta yenye uso wa binti. Familia imeagiza picha hiyo kwa ajili ya ukoo na majirani. Haikuagiza iwe tangazo la biashara ya mtu, likionwa na watu wasiojulikana, na hasa pale mwali anapokuwa mtoto wa shule. Nchini Kenya, Septemba 2023, mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 na nusu za huko kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina tume yake sasa, na hakuna sababu ya kusubiri mfano uanzie Mtwara.

Uzito wa jambo hili kwa eneo hili una historia. Mwaka 1906 mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alipita Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya sinema na chombo cha kunasa sauti. Sura za watu wa hapa ziliondoka naye na kuchapishwa Ujerumani miaka miwili baadaye, na waliopigwa hawakuwa na kauli juu ya wapi zingefika. Kuomba ruhusa leo ni sentensi moja kwenye makubaliano.

Upande wa pili wa sura ni uwongo. Kumvalisha marehemu kanzu ni huduma. Kumweka mtu aliye hai mahali ambapo hakuwepo, au kutengeneza cheti, risiti na muhuri, kwa nia ya kudanganya, kunaweza kuwa kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayebofya hawezi kujitetea kwamba alitumwa na mteja.

## Mteja wa mbali na mashine inayochora

Wapo wanaoshauri kwamba jibu la soko dogo ni kuliacha na kutafuta wateja wa nje kwa mtandao. Malipo ya dola yanavutia, na mteja wa nje hana msimu wa korosho. Lakini ushindani ni wa dunia nzima, lugha ya makubaliano ni ya kigeni, na njia ya kupokea pesa si rahisi: kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imeweza kutuma bila kupokea, kwa hiyo mbunifu hulazimika kupita Payoneer au benki na kukatwa njiani. Mteja wa Newala analipa kidogo, ila analipa kwa M-Pesa au Airtel Money dakika hiyohiyo.

Kuhusu akili bandia, hofu na matumaini yote yamepita kiasi. Tangu mwaka 2023 Photoshop yenyewe ina uwezo wa kujaza sehemu ya picha kwa amri ya maneno, na programu za simu zimefuata. Kazi za kuondoa mandhari au kurefusha ukuta wa nyuma zimekuwa za sekunde, na mbunifu anayeendelea kuzitoza kama za saa nzima atakimbiwa. Mahali mashine inapokosea ni pale pale mteja anapojali zaidi. Ikipewa picha iliyofifia ya babu, huunda uso mzuri wa mzee mwingine. Wajukuu hawatajua, lakini bibi atajua. Jicho la kusema "huyu siye" ndilo linalobaki kuwa na bei, pamoja na dhamana ya kwamba majina, tarehe na ukumbi vimeandikwa sawasawa.

## Kupima na kuamua

Hakuna msimamo mmoja kati ya ile mitatu unaofaa wateja wote. Kinachofaa wote ni karatasi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza Mtwara msimu wa 2007, mkulima amezoea kukabidhi korosho, kupewa stakabadhi yenye uzito na daraja, na kusubiri pesa. Mfumo huo una lawama zake za makato na ucheleweshaji, lakini umemfundisha kila mtu jambo moja: kiasi na ubora huandikwa kabla ya pesa kuonekana. Mbunifu naye anaweza kutoa stakabadhi yake ya mistari mitano: kazi ni nini na ukubwa gani, itakabidhiwa lini, mabadiliko mangapi yamo kwenye bei, faili gani linatolewa, na kama picha itaruhusiwa kuonyeshwa. Ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa "nimekubali" unatosha. Sheria ya Mikataba inatambua makubaliano hata ya mdomo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kuwa ushahidi. Kwa deni la shilingi 30,000 hakuna atakayepanda ngazi za mahakama, na nauli peke yake ingelimeza. Faida ya maandishi ni kwamba hufanya mazungumzo ya aibu yawe mafupi.

Juu ya karatasi hiyo, masharti yafuate aina ya mteja. Shughuli yenye tarehe, kama harusi au mahafali, inastahili nusu mbele na nusu kabla ya faili safi, kwa sababu tarehe ikishapita mbunifu hana tena cha kushikilia. Mgombea alipe yote mwanzoni. Taasisi ipewe ankara na muda wa kulipa, bei ikiwa imezingatia kodi ya zuio na kusubiri. Duka au chama cha msingi chenye matangazo ya mara kwa mara kinafaa makubaliano ya mwezi: bei ya kila posta inashuka, lakini mbunifu anapata pesa ya masika. Mkulima wa mwezi wa Machi asifukuzwe, apewe kazi ndogo, kishika kazi kidogo, na mkopo ulioandikwa wenye bei inayoeleweka kuwa ya mkopo. Na mkopo wa namna hiyo usizidi kile ambacho mbunifu anaweza kukipoteza bila kufunga kibanda.

## Kwa ufupi

Bei za kazi za picha Masasi na Newala hutofautiana kwa sababu tatu zinazoeleweka: msimu, umbali wa uchapaji na tofauti ya ujuzi iliyofichwa chini ya jina moja. Lipa ukiridhika humlinda mteja na kumwacha mbunifu uchi. Pesa mbele humlinda mbunifu na kumfungia nje asiye na kitu nje ya msimu. Mali kauli hulinda ujirani, ila waaminifu ndio wanaolipia. Haki ya faili hutegemea kama kazi ni ya siku moja au ya miaka, na haki ya kuonyesha sura hubaki kwa mwenye sura. Mashine imeshusha bei ya kubofya na imeacha bei ya jicho.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na faili hupotea upesi kuliko gunia. Mbunifu anayeandika masharti atapoteza wateja wachache wasiopenda kuandikiana. Hesabu ya wanane wanaowalipia wawili inaonyesha ni wateja gani hao, na kwa nini bei inaweza kushuka kwa wengine wakishaondoka.